Nisomee Tena Alama Zile

Kiwanda cha alizeti kilipouzwa kwa mtu binafsi, mume wangu alihamishiwa Dar kutunza kompyuta kubwa ya makao makuu. Mimi nikabaki Singida, karani wa tawi, na jioni narudi nyumbani Unyambwa kwenye kitanda kilichonizidi ukubwa. Simu ya ofisi ilikuwa ya kazi tu, na meneja aliilinda kama mzinga wa nyuki. Nilimkumbuka mume wangu hadi nikawa mkali kwa watu wasio na kosa.

Siku moja akatuma kwa basi CD yenye programu ya kuniwezesha kuingia kwenye kompyuta ya Dar nikiwa mezani kwangu. Vijana wa intaneti kafe pale mjini walikuwa nayo, lakini aliniagiza nisithubutu kuichukua kwao, maana hujui nani ameichezea. Nikaiweka kwenye kompyuta yangu ya ofisini. Nilipojaribu kuingia, ukatokea msururu wa namba na herufi: hizi ndizo alama za kompyuta unayoiendea, je, unaiamini? Sikubofya kitu. Mtu akibisha hodi, humfungulii mpaka uijue sauti yake. Kwa hilo hata meneja alikubali nipige simu.

"Baba watoto, nisomee alama za mashine yako."

"Tatu, efu, nane, a..." Nikafuatisha kwa kidole kwenye kioo. Zililingana zote. Lakini sauti ile, jamani! Nikamwambia, "Rudia, laini inakwaruza." Akarudia.

Kulikuwa na namna mbili za kukubali: mashine yangu izikumbuke alama siku zote, au niingie kwa leo tu. Mwenye akili zake angechagua ya kwanza. Mimi nikachagua ya pili, na alama zenyewe sikuziandika popote.

Kesho yake mashine ikauliza upya. Nikamwendea meneja nimekunja uso wa kazi. "Ni mambo ya usalama, bosi," nikasema. Akanisogezea simu bila ubishi.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "hapa kwangu naona jana uliingia vizuri, na alama hazijabadilika. Ulipoulizwa, ulibofya nini?"

Machozi yalikuwa karibu, na meneja alikuwa ananitazama. Kule Dar nikasikia mlango unafungwa, kiti kinavutwa.

"Weka kidole kwenye kioo," akasema. Kisha akaanza kusoma, taratibu kuliko jana.