Nimemwona Mdogo Wangu Kwenye Filamu, Akinisema

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana huku kwetu watu wanajuana mpaka kuku. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nane, mjane, nauza vitunguu na nyanya kando ya barabara hapa Mkumbara. Wanangu wameolewa mbali, wananipigia simu sikukuu. Kwa mama tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mnamjua. Ni mchekeshaji, mmecheka naye sana humu humu, na mimi huwa nawasoma mnavyomsifia, nafunga simu.

Hatujaongea miaka mingi. Mwaka jana tulipomzika mama kule Kwaluguru alikuja na msururu wa magari, vijana wakamzonga kupiga naye picha mpaka shehe akawafokea. Alipofika kwangu alinipa mkono akasema, "Poleni sana." Poleni! Wakati waliofiwa ni mimi na yeye.

Sasa Jumamosi iliyopita filamu ya maisha yake ilionyeshwa ukumbini Korogwe mjini. Si ya kuigiza; amekaa kwenye kiti anasimulia alivyougua akili akiwa kijana, ili watu waache kuwaficha wagonjwa wao ndani. Nilifunga biashara saa saba mchana, nikavaa baibui, nikaenda kukaa nyuma kabisa. Nilitaka tu nimtazame usoni kwa muda mrefu bila yeye kunikwepa.

Akakunja mikono ya shati. Makovu yapo. Akasema, "Dada yangu alinifunga kamba ya katani kama mbuzi. Dada wa tumbo moja." Ukumbi mzima ulisonya. Mama mmoja pembeni yangu akanigeukia, "Huyo ni dada au mnyama?" Nikamjibu, "Mnyama kabisa, mama." Nimejitukana kwa mdomo wangu mwenyewe, jamani, kwa kuogopa asinijue.

Ni kweli nilimfunga. Baba, aliyekuwa ameshafariki wakati huo, alikuwa mkata mkonge, na kamba za katani nyumbani kwetu hazikukosekana. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa, halali, anaongea na watu tusiowaona, anakimbilia barabara kuu kusimamisha malori kwa mikono. Siku basi lilipomkosakosa, nikamfunga kwenye mguu wa kitanda. Tulikuwa tumeshampeleka kwa mganga, tukaambiwa ni mashetani ya shambani. Hospitali hatukuiwaza. Hilo ni kosa langu na silikatai, nilikuwa mtu mzima wa kufikiri.

Lakini sikieni kilichonimaliza. Akaendelea kusema, "Aliyeniweka hai ni mama. Kila mchana alikuja, ananilegezea kamba, ananilisha uji, ananisemesha Kizigua taratibu. Mpaka leo ugonjwa ukitaka kurudi nafumba macho, naisikia sauti ile, nanyanyuka nameza dawa." Akatoa kanga ya mama, ile aliyotoroka nayo nyumbani, akaiweka mapajani. Watu walilia. Na mimi nililia, ila changu kilikuwa kingine.

Mama hakuwepo. Wiki ile ile nilipomfunga alishindwa kutazama, akabeba kikapu chake akaenda kwa kaka zake Kwaluguru, akakaa huko miezi mitatu. Nilibaki mimi peke yangu na mgonjwa. Akiniona tu anatema chakula, anatukana, maana mimi ndiye niliyemfunga. Siku ya tatu bila kula nikaogopa atanifia. Nikajitanda kanga ya mama aliyoiacha, mpaka usoni, nikaingia na bakuli la uji, chumba kina giza, nikamsemesha Kizigua vile vile mama alivyozoea. Akafungua mdomo. Basi ikawa hivyo kila siku: asubuhi nakuja dada nakaza kamba, mchana nakuja mama nalegeza namlisha. Yeye hakugundua, kumbe mpaka leo hajagundua.

Siku moja nilimfungua aoge, nikatoka kuchota maji, kurudi hayupo, na kanga haipo. Filamu ndiyo imenieleza kwamba dereva wa lori alimwokota Segera akamfikisha hospitali huko Dar.

Mama aliporudi nilimsimulia yote, kwa hiyo alijua. Mdogo wangu alipopata jina akawa anampigia kila Ijumaa; filamuni amesema ilikuwa kumshukuru kwa uji ule. Sasa ndiyo naelewa kwa nini mama alikuwa akitoka nje na simu: nisimsikie akipokea shukrani zangu. Nimemkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, halafu nikamlilia upya.

Filamu ilipoisha binti mmoja wa waandaaji akatangaza kwamba Jumamosi hii wanaionyesha Handeni, na mwenyewe atakuwepo. "Kama kuna ndugu yake yeyote aje, anatamani kuwaona." Yule mama pembeni yangu akacheka, "Huyo dada athubutu!" Nikainuka nikatoka.

Tangu siku hiyo napanga vitunguu mezani napangua, mteja akiniuliza bei ya vitunguu namtajia ya nyanya. Nikirudi nyumbani sina wa kumwambia, ndiyo maana nimekuja kwenu. Nikisema ukweli, huenda nikapata ndugu, lakini yeye atajua kuwa mama yake alimkimbia, na sauti inayomnyanyua ugonjwa ukija nitakuwa nimemnyang'anya mimi. Anaweza kuanguka tena, na safari hii niwe nimemwangusha kweli. Nikinyamaza, nabaki kuwa yule dada wa kamba mpaka nizikwe. Sitafuti sifa. Nataka aniite dada, hata mara moja.

Kuhusu kamba msinihubirie, nimeshajihukumu. Nisaidieni hili moja tu: Jumamosi nikisimama mbele yake akaniuliza, "Umefuata nini?", nimjibu nini?