Pua ya Wifi

Wateja walimwita Mama Povu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kazini bila povu kumfika viwikoni. Alisafisha makochi na mazulia, hasa yale ambayo paka na mbwa wameyageuza choo. Watu walidhani ni kazi ya mikono. Kwake ilikuwa kwanza kazi ya pua: doa hupauka mpaka lisionekane, harufu ikabaki, naye aliinama, akavuta pumzi, akaweka kidole: "Ni hapa."

Kisha akaugua mafua. Mafua yakaisha, ila pua haikurudi kazini. Alinusa kitunguu, kimya. Alinusa siki, kimya. Daktari alimwambia avute subira, huenda ikarudi polepole. Hakumwambia mtu. Nani angemwita fundi wa harufu asiyesikia harufu?

Aliyegundua ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mume. Wawili hawa walipishana kauli juu ya chumvi, mapazia, hata sauti ya redio. Tena huyo wifi alikuwa na pua ya kuudhi. Akiingia tu mlangoni anakutajia ulichopika juzi.

"Wifi, maharage yanaungua," alisema siku moja kutoka sebuleni.

"Yanaungua wapi? Si niko hapahapa jikoni!"

Wifi akaja, akazima jiko, akafunua sufuria. Chini kulikuwa kweusi tii. Mama Povu akajiandaa kusemwa.

"Tangu lini?" aliuliza wifi, kwa sauti ya chini.

"Tangu yale mafua."

"Na kazini unafanyaje?"

"Nabahatisha." Machozi yakamtoka. "Yule mwalimu mstaafu nimemsafishia kochi, nyumba bado inanuka. Kesho narudi, na sijui nirudi kufanya nini."

"Tutakwenda wote," alisema wifi, akaanza kukwangua sufuria.

Mwalimu aliishi peke yake na paka mzee aitwaye Bwana Mkubwa, ambaye marehemu mke wa mwalimu alimwachia. Binti wa mwalimu alikuwa amejifungua, na alisema wazi kwamba mtoto hataingia kwenye nyumba inayonuka mkojo. Alikwisha kumtafutia paka mtu wa kumchukua.

"Sikulaumu, mama," mwalimu alimwambia Mama Povu, huku akimkuna paka chini ya kidevu. "Ila leo ikishindikana, itabidi nimtoe."

Wifi akavua viatu, akaanza kuzunguka chumba. Alipiga magoti mbele ya kochi, akanusa mito, akanusa chini yake. "Hapa pasafi kabisa. Umefanya kazi nzuri."

Mama Povu hakuwahi kusikia neno kama hilo kutoka kinywani mwake.

Wifi akasonga mpaka kona ya dirisha, akasimama, uso ukamkunjamana. "Ni hapa."

Walipofunua zulia, waliikuta sponji ya chini imekuwa ya manjano, na mbao za sakafu zimeingia weusi.

"Hapo huwa napiga dawa ya chooni, ile kali," alisema mwalimu.

"Harufu ya hiyo dawa ni kama ya mkojo, inamvutia, mwalimu," alisema Mama Povu. " Anadhani kuna paka mwingine, anakuja kuweka alama yake juu."

"Kumbe namwalika mwenyewe!" Mwalimu akacheka mpaka akashika kiti.

Mama Povu akaikata sponji iliyoharibika. Akalowesha mbao kwa dawa ya vimeng'enya inayokula mkojo, akaziacha ziinywe taratibu, kisha akakandamiza vitambaa vikavu bila kusugua. Akanyunyiza magadi ya kupikia, akafungua madirisha, wakakaa kusubiri. Wifi alikuwa mkaguzi. "Bado." Wakarudia. "Bado kidogo." Wakarudia tena, mpaka aliposema, "Sasa."

"Na sanduku la mchanga la paka kujisaidia liko wapi?" Mama Povu aliuliza.

Lilikuwa roshani, lenye kingo ndefu. Bwana Mkubwa miguu ilimuuma. Hakuweza kuliruka tena. Wakamtafutia beseni fupi, wakaliweka karibu.

Binti alipokuja na mtoto, mwalimu alimpigia Mama Povu simu. "Sikilizeni," alisema tu, akainua simu. Wakasikia kichanga kinalia sebuleni, na Bwana Mkubwa akilia naye.

"Wifi, asante," alisema Mama Povu alipoweka simu chini.

"Ya nini? Nimenusa tu."

"Umenisitiri."

"Nilipofiwa, ulinipa chumba chenye dirisha, na hujawahi kuniuliza nitakaa mpaka lini. Basi tuache hayo."

Tangu hapo walikwenda kazini pamoja, wakigombana njia nzima kuhusu redio. Wateja wakaongezeka. Pua ya Mama Povu ilirudi polepole, na si yote. Harufu ya kwanza kumfikia ilikuwa ya mbwa aliyelowa, kwenye zulia la mteja. Alikaa chini palepale, akicheka na kulia.

"Wifi, umepatwa na nini?"

"Linanuka! Wifi, zulia linanuka vibaya sana!"

"Mungu ni mwema," alisema wifi, akageuza uso afute macho, kisha akamkabidhi brashi.