Sufuria Iliyotakata

Jirani yake Hodo pale mtaani Galbet akiazima sufuria, hairudishi mpaka auone mwanya wa meno yake kwenye ubavu wa sufuria hiyo. Huchuchumaa mekoni na jivu, mchanga na kipande cha gunia, akiyatukana masizi na mafuta ya nyama ya ngamia kama mtu anayegombana na wifi yake. Siku wageni wa posa walipokuwa njiani, Hodo alikuja mbio kuchukua sufuria yake ya pilau. Akaikuta imeanikwa juani, inameremeta. Kabla hajaishika, beberu wa jirani alijiona humo, akarudi nyuma, akaipiga pembe ikabonyea. Hodo akashika kichwa. Jirani akapiga vigelegele.

“Wallahi, abaayo, dada yangu, sasa imetakata! Ilipokuja hapa, beberu huyu huyu aliipita bila hata salamu.”