Rozari ya Mafuvu

Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, alipoanza kutibiwa saratani, dawa zilifanya vidole vyake vife ganzi. Nywele zilipoanguka alizichekelea. Vidole hakuvichekelea. Alikuwa amesali rozari kila jioni tangu ujana wetu, na sasa punje za plastiki zilimpita mkononi bila yeye kuzihisi. Anafika Salamu Maria ya nne au ya saba, hajui. Anarudi mwanzo. Anapotea tena.

"Wifi," aliniambia kwenye simu kutoka Kajiado, "kama siwezi kusali peke yangu, hizi jioni nitazimaliza na nani?"

Tangu nilipoacha kufundisha katekisimu, mimi hutengeneza mikufu na bangili nyumbani kwangu Kitengela. Shanga za kioo hununua hapa mjini, lakini mawe huyaagiza mtandaoni. Nikamwahidi rozari ya mawe halisi, mazito, ambayo labda hata kidole chenye ganzi kingeyatambua. Nilivaa miwani nikatafuta, nikaona uzi wa mawe meupe yenye mishipa ya kijivu, mazuri kama maziwa. Nilisoma jina la jiwe na ukubwa wake. Picha sikuikuza. Nikalipa, nikauombea mzigo safari njema, nikangoja.

Mzigo uliletwa katika duka la mama mmoja kutoka Garissa, muuza nguo, ambaye hutupokelea mizigo sisi majirani. Tuliufungua pale pale, maana naye alitaka kuyaona mawe.

"Audhubillahi!" Aliruka nyuma. "Mama, umeagiza nini?"

Yalikuwa mafuvu. Mafuvu ya vichwa vya watu, madogo kama punje za mahindi, kila moja na mashimo ya macho na safu ya meno. Yalijipanga kwenye uzi yakinikenulia yote kwa pamoja. Nilishika kaunta. Wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba mtu amenitumia uchawi.

"Rudisha hii kitu, mama. Usiingie nayo kwa nyumba."

"Nirudishe wapi? Imetoka ng'ambo."

"Basi isilale kwa duka yangu!"

Nikayafunga kwenye leso, nikayaweka chini kabisa ya mkoba, na siku iliyofuata nikaenda Kajiado kumwambia wifi kwamba atangoja zaidi. Sikukusudia kumwonyesha. Alikuwa amebaki mifupa na macho yameingia ndani. Nani amletee mgonjwa wa namna hiyo picha ya kifo? Lakini aliuliza na kuuliza, na mbele yake sijawahi kuweza kuficha neno. Nilifungua leso huku nimegeuza uso.

Nikasikia kicheko, kile chake cha zamani cha kupiga paja.

"Ai, wifi! Umeniletea picha yangu!"

"Usiseme hivyo."

"Ni kweli. Tena huyu amenishinda meno."

Akalishika moja kwa kidole gumba na cha pili. Kicheko kikakatika. Akaligeuza, akalibonyeza, akafumba macho.

"Ninaisikia," alisema polepole. "Hapa kwa macho, kidole inashika. Wifi, ninaisikia." Machozi yakamtoka. "Nifungie hii."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka dukani. "Rozari ya mafuvu? Mama Maria atatuonaje?"

"Si ni wewe ulifundisha watoto katekisimu? Yesu walimsulubisha wapi?"

Golgotha, mahali pa fuvu la kichwa: jina hilo niliwakaririsha watoto wengi mno, na sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba Mama Maria alisimama mahali penye jina hilo, akimtazama mwanawe akifa.

"Alikuwa hapo," wifi alisema. "Hataogopa hii yako."

Nilimpigia padre simu. Aliuliza ni nani aliyeomba rozari hiyo. Nilipomweleza, alisema nikimaliza nimpelekee aibariki.

Nilifunga mafuvu kumi kumi, na mahali pa Baba Yetu nikaweka fundo nene la uzi. Wifi alinikataza kumsaidia kuhesabu, kwa hiyo jioni ile ya kwanza nilikaa kando ya kitanda chake kama mgeni, nikiitikia tu. Bado sikuweza kuyatazama vizuri. Kidole chake kiliingia katika macho ya fuvu moja, kikatoka, kikaingia katika lingine, na midomo yake haikusita. Alifika kwenye fundo. Akasimama hapo. Bila kuniuliza, akaanza Baba Yetu.

Nusu ya pili ya sala hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nikikitazama kile kidole kwenye fundo, nikasahau kuitikia.

"Itikia, wifi," alisema, bila kufumbua macho. "Ama umelala?"