Breki, Siku ya Maziko ya Mjomba

Mwanangu, kabla hujaondoka na gari lako, nikuambie: ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hata leo kukaa siwezi. Nasimama, naenda mlangoni, narudi. Mama yenu husema nina wahaka wa kuzaliwa nao. Si uongo.

Asubuhi hiyo, hapa hapa Pande, tulipata habari kwamba mjomba wangu amefariki Miteja. Ndiye kaka pekee wa mama yangu, ndiye aliyenilea baba alipotangulia, na pikapu niliyokuwa naendesha ilitokana na mikorosho yake. Maziko baada ya swala ya Adhuhuri. Nawe unajua mambo ya kwetu: mpwa ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mjomba wake. Watu wangemtazama nani kama si mimi?

Tatizo likawa breki. Siku nyingi pedeli ilikuwa inazama karibu na sakafu, nami naisaidia kwa handbreki na dua. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nikiwa peke yangu nilijipa moyo, lakini sasa walitaka kupanda mashangazi, majirani na watoto wao wa mgongoni. Fundi yuko Kilwa Masoko. Nikaamua kuziseti mwenyewe hapo uani.

Nikaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikaachia handbreki, nikainua nyuma kwa jeki. Nyuma ya drumu, lile bakuli la chuma ndani ya gurudumu, kuna kitundu. Unaingiza bisibisi, unazungusha kigurudumu chenye meno mpaka viatu vya breki, vile vyuma vinavyobana, viguse drumu, kisha unalegeza kidogo, tairi lizunguke kwa kukwaruza tu. Ni kazi ya subira, nami subira sikuwa nayo hata chembe. Upande wa kulia ukakubali. Wa kushoto kutu ilikuwa imekamata, kigurudumu kikagoma. Nikatazama jua. Nikashusha jeki.

"Pandeni, twende!"

Mama alikuwa amekaa kizingitini, macho yamevimba kwa kulia. "Na upande huu?"

"Mmoja unatosha, mama. Unashika vizuri."

"Ukishika mmoja, gari linakwenda wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Linavuta pembeni, tena kwenye mchanga ule wa barabara yetu linaweza kugeuka kabisa.

"Mama, maiti hasubirishwi!"

"Anayezikwa ni kaka yangu, baba," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mimi ndiye wa kukuhimiza, na sikuhimizi. Inua gari."

Nikainua. Nilikuwa na hasira, mwanangu, hasira juu ya mama mzazi, Mungu anisamehe. Shangazi mmoja akanituliza, "Kawia ufike." Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, nikamjibu kimoyomoyo. Wazee wetu walituachia methali ya kila upande, ukitafuta ya kukutetea huikosi. Nikanyunyiza mafuta ya taa kwenye kutu, nikangoja, nikajaribu, bisibisi ikateleza ikanichana kidole. Kigurudumu kilipozunguka hatimaye, nikalinganisha pande mbili, nikakanyaga pedeli mara kadhaa, nikaendesha polepole uani na kusimama. Gari halikuyumba. Jua lilikuwa utosini.

Najua unangoja nikuambie ng'ombe alikatiza tukaponea chupuchupu. Hakukatiza. Hapakuwa na ng'ombe, wala mtoto, wala lori. Njia ilikuwa nyeupe tangu Pande mpaka Miteja, na kila mteremko mtupu ulinizidishia uchungu. Tulipofika, watu walikuwa wanakung'uta mchanga mikononi. Mpwa mwingine, wa ukoo wa mbali, alikuwa ameshuka mahali pangu. Nililia mbele za watu wala sikuona haya.

"Umeona, mama?" nikasema. "Njiani hapakuwa na kitu."

Akageuka kuitazama pikapu. Mashangazi na majirani walikuwa bado wanashuka, wanapokezana watoto, wanajifuta vumbi.

"Na hao uliowafikisha?" akauliza, kisha akaenda kwa wafiwa.

Mwanangu, kaburi nililolichelewea naliona kila niendapo Miteja. Ajali niliyoepushwa sikuiona, na sitaiona kamwe. Ndiyo maana ni vigumu kumshukuru anayekuzuia. Basi sikiliza: ukilitengeneza gari lako nyumbani, usiache upande mmoja kwa kuwa watu wanakuita. Waache waite. Ukifunga huku, funga na kule, jaribu hapo uani kabla hujapakia roho za watu. Utachelewa, na utalaumiwa. Sikudanganyi, lawama inauma, na mimi bado inaniuma. Ichukue hivyo hivyo.

Nenda sasa. Mwenyezi Mungu akujaalie safari nyingi zisizo na la kusimulia, na kila uliyempakia ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Amin.