Mgomba Uliovuka Mfereji

Mgomba hutembea. Ukibisha, njoo huku milimani nikuonyeshe wa kwangu, au niseme wa marehemu mke wangu, maana neno hilo hilo ndilo lililotaka kunigombanisha na mashemeji zangu mwaka huu. Tulipoupanda, vijana bado, ulikuwa nyuma ya jiko, penye majivu na maji ya kuoshea vyombo. Mama akishazaa mkungu wake anakufa, mtoto amesimama ubavuni. Naye anazaa, anakufa, mwanawe anasogea tena. Hivyo hivyo, mpaka nikaona chipukizi limetokeza ng'ambo ya mfereji, ndani ya shamba la ukoo.

Hapo pana jambo. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama na ardhi ni ya ukoo wa mama. Mimi nimetokea Ngerengere, bondeni kwenye reli, nikaoa huku juu, nikahamia kwa mke. Mkwe analima mahindi, analima maharage, vitu vya msimu mmoja. Mti hapandi. Mti unakaa kuliko wewe, na kesho wapwa zako watapanda mlima kusema hapa ni pa mjomba. Nyuma ya jiko walinivumilia. Ng'ambo ya mfereji ni habari nyingine. Basi iliposikika kwamba wapimaji wa ardhi wanakuja, shemeji yangu, kaka wa marehemu, akatokea asubuhi na jembe begani.

"Shemeji, mti wako nautoa."

"Mti gani? Huo si mti."

"Kama si mti ni nini, mchicha?"

Mimi shule niliishia darasa la nne, na la nne lenyewe nilikuwa zaidi shambani kufukuza nyani. Nilichoambulia ni mizizi, shina, majani, ua, mbegu, kwa kuimba. Mengine nimeyaona kwa macho. Nikachukua panga, nikakata mgomba mmoja mzee uliobaki nyuma ya jiko, nikauchambua mbele yake. Gamba ndani ya gamba, kama kitunguu, na kila gamba ni kitako cha jani lililokumbatia wenzake. Katikati kijiti cheupe kilichobeba mkungu, laini, unakitafuna. Shina lenyewe liko chini ya udongo, tunguu kubwa kama kichwa cha mtu.

"Umeona ubao humu? Mfenesi ni mti. Mdalasini ni mti. Hili ni jani kubwa tu, ndugu yake tangawizi."

Akacheka. "Jani gani hilo linalozika watu? Dada yangu kaenda, lenyewe lipo."

Hata yeye aliona amenigusa kidonda, akainamia jembe lake.

Utaniuliza, si ungehamisha chipukizi moja? Nihamishie wapi? Kila nikanyagapo ni kwao. Na nyuma ya jiko wadudu fukusi wameyala matunguu yamekuwa vumbi. Mzima ulikuwa ule wa ng'ambo peke yake. Tena mgomba si kama mahindi. Mahindi yana mbelewele huko juu, ndiyo madume, na zile ndevu za gunzi ndizo jike. Unga wa juu ukishuka na upepo kila uzi unapata punje yake. Boga nalo lina ua dume na ua jike, na nyuki ndiye mshenga. Hata kangaga la huko korongoni, lisilo na ua wala mbegu, lina vumbi la kahawia chini ya jani, ndilo linalozaa. Mgomba hauna baba. Ukikata ndizi yake, mzuzu, utaona vidoa vyeusi katikati. Hivyo vilitaka kuwa mbegu vikashindwa. Kila mgomba umetoka tumboni mwa mwenzake, ni mwili ule ule. Kwa hiyo ule wa ng'ambo ni ule ule alioushika mke wangu, akaushindilia udongo kwa nyayo zake. Kila Ramadhani nimefuturu mzuzu wa nazi kutoka humo. Ningeuombea hata kwa magoti.

Shemeji hakutaka kuamua peke yake. Akamwita dada yao mkubwa, ambaye neno lake kwenye ukoo halirudishwi. Akaja na fimbo yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wazee wazima mnapigiana kelele mpaka kisimani nawasikia. Nani aliupanda?"

"Si huyu!" shemeji akadakia. "Kila futari anajisifu, mzuzu wangu, mzuzu wangu."

"Mimi nilichimba shimo," nikasema. "Aliyeweka chipukizi ni mdogo wako. Alipewa na mama yenu siku alipopata jiko lake."

Dada mkubwa akageukia ndugu yake. "Una baba huu?"

"Mgomba baba umtoe wapi?"

"Basi mama yake katoka kwa mama yetu, kapandwa na dada yako. Ni wa ukoo wetu. Huyu aliyechimba shimo ni mume tu. Wewe unang'oa mwana wa ukoo wako?"

Shemeji akashusha jembe. Dada akaninyooshea fimbo. "Na wewe, mzuzu wangu nisiusikie tena."

"Hutausikia, dada."

Wapimaji walikuja wakapita, mgomba umesimama. Mkungu ulipokomaa nikatuma salamu, shemeji akaja na panga, akakata, akagawa chane kwa dada yake na kwake. Mimi akanipa moja. "Karibu mzuzu wetu, shemeji." Nikasema ahsante, nikaipokea kwa mikono miwili.

Kisha akainama kupunguza machipukizi, maana ukiyaacha yote yanadhoofishana. Akaniuliza tubakize lipi. Nikamwonyesha lililo mbali kuliko yote, lililoelekea katikati ya shamba lao.

"Hilo linakwenda mbali na jiko lako," akasema.

Nikamwambia aliache, nitalifuata.