Kanga Juu ya Sola

Juzi mafundi walikuwa wanafunga sola kwenye paa langu la vigae hapa Tabora. Wingu lilipotanda, miguu yangu ikaondoka yenyewe kuelekea kwenye ngazi.

Sola ya kwanza niliiona nikiwa mtoto, kijijini Kigwa, kwa bibi, siku tuliyoanika michembe. Ua mzima ulinukia vile vipande vya viazi vitamu. Fundi aliyeileta aliilaza sola juu ya vigae vya paa, akaiunganisha na redio kuijaribu, akasema, “Hii inakula jua.” Nikaelewa kwamba nayo imeanikwa. Redio ikaimba kwaya, na bibi akacheza kwa mabega.

Fundi alipokuwa ndani anakula, harufu ya mvua ikaja. Kwetu mtoto hangoji kutumwa kuanua. Niliingiza michembe yote, kisha nikapanda ngazi ya fundi na kuifunika sola kwa kanga ya bibi ya kanisani. Redio ikanyamaza.

Fundi alitoka, akacheka mpaka akakaa chini. Nilijua nitachapwa. Bibi akanishusha, kanga ikiwa imelowa chapachapa.

“Usimcheke,” alimwambia fundi. “Wewe mwenye kitu chako ulikuwa unakula.”

Juzi nilipofika kwenye ngazi, niligundua nimeshika kanga.